Msituambie Tutenganishe

Kila kijana anapomgundua H. P. Lovecraft, ushauri huja haraka: furahia hadithi, msahau mtu. Alikuwa mbaguzi, wanakiri, ila nyakati zake ndivyo zilivyokuwa.

Nakataa. Si kwamba hasomeki. Hadithi yake ya Cthulhu, iliyotoka katika jarida la Weird Tales mwaka 1928, niliisoma usiku nikaogopa kuzima taa. Kisha nikafika kwa wanaoliabudu zimwi lile: mabaharia, machotara, watu weusi. Watu kama mimi.

Mnatenganisha nini hapo? Katika “The Horror at Red Hook”, aliyoiandika 1925 akiishi Brooklyn, wahamiaji wanatisha kabla shetani hajatokea. Katika “The Shadow over Innsmouth”, kitisho chenyewe ni damu iliyochanganyika. Ondoa chuki, hadithi inaporomoka.

Na nyakati zipi? Mwaka 1926, katika mji uleule wa New York, Langston Hughes alichapisha diwani yake ya kwanza, The Weary Blues. Nyakati hizo zilikuwa zake pia.

Simsusii Lovecraft. Msomeni. Lakini msomeni kama Victor LaValle, Mmarekani mweusi aliyeisimulia upya Red Hook mwaka 2016 katika The Ballad of Black Tom, safari hii kijana mweusi wa Harlem akiwa katikati ya kisa. LaValle hakumsahau mtu. Alimjibu.

Kusahau ni rahisi kwa asiyejikuta upande wa mazimwi.