Diski Imekufa, Karani Akatwa Mshahara!

Ndugu wafanya kazi wa Kimana,

Mwezi uliopita, siku ya mshahara, kompyuta ya bohari moja la vitunguu na nyanya hapa kwetu ilizimika. Kioo kikawa buluu, mashine ikajiwasha, ikazimika tena. Hesabu za siku za kazi za wapakiaji zikapotea. Mwajiri hakuita fundi. Alimwita karani, akamwambia, "Wewe umeiharibu," akamkata mshahara. Wapakiaji wakaambiwa wangoje.

Sisi twauliza: kosa la karani ni lipi?

Ndani ya kompyuta nyingi, hasa za zamani, mna diski, yaani visahani vinavyozunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika moja. Hesabu zote huandikwa humo, na ile programu inayoendesha mashine nzima imo humo pia. Mahali ilipoandikwa pakiharibika, mashine haiisomi, nayo huanguka. Diski huchakaa kama tairi la lori la Emali. Na umeme ukikatika ghafula wakati inaandika, mambo huvurugika.

Dalili hutangulia: mashine huwa nzito, hulia tik-tik, hesabu hazifunguki. Karani alizitaja zote, si mara moja. Aliambiwa avumilie!

Fundi wa kweli hufanyaje? Kwanza hunakili yaliyosalia katika diski nyingine kabla ya kutengeneza lolote, maana diski mbovu ikizidi kutumiwa huzidi kufa. Pili hutazama waya, kwa kuwa waya uliolegea hufanana na diski mbovu. Tatu husoma taarifa ambayo diski hujiwekea yenyewe, iitwayo SMART: imefanya kazi saa ngapi, na sehemu ngapi zimeharibika. Huyo ndiye shahidi, naye hakuulizwa. Kuweka programu upya juu ya diski mbovu ni kupaka chokaa nyumba iliyoliwa na mchwa.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, yaruhusu kukata mshahara kwa mali iliyoharibiwa kwa kosa la makusudi la mfanya kazi. Diski iliyochakaa ni makusudi ya nani? Na kifungu cha 74 chamtaka mwajiri, si karani, kutunza kumbukumbu za wafanya kazi.

Kwa hiyo twadai:

1. Karani arudishiwe fedha zake.
2. Wapakiaji walipwe sasa, na siku zao ziandikwe pia katika daftari la karatasi.
3. Hesabu zinakiliwe kila jioni katika diski ya pili, iwekwe mbali na mashine.
4. Asihukumiwe mtu kabla fundi hajapima.

Bwana atasema diski ya pili ni gharama. Ndugu, diski hununuliwa dukani. Jasho la mpakiaji likipotea, lanunuliwa duka gani?

Tusimame pamoja. Leo ni karani, kesho ni wewe.