Stendi ya ikweta haifai ikweta

Haya wasomaji, leo tuache kidogo mambo ya programu na seva, tutoke nje tuangalie juu. Marafiki zangu wengi siku hizi wikendi hawakai Nairobi. Utasikia wako Magadi, wako Suswa, wengine wamefika mpaka Marsabit na hema zao. Na wakirudi swali ni lile lile: "Wewe mtu wa tarakilishi, nataka darubini ya kubeba kambini, isiwe ghali. Ninunue ipi?"

Jibu langu fupi: usinunue ile ndefu nyembamba yenye miguu mitatu, na hata kama bei ni nzuri namna gani, usinunue ile yenye stendi ya ikweta. Nunua darubini ya macho mawili ya 10x50. Ukiwa na pesa zaidi, nunua darubini fupi ya kioo, ya kuweka mezani. Jibu refu linataka hesabu kidogo, na hesabu hatuogopi hapa.

Tuanze na ile ndefu nyembamba, kwa sababu ndiyo imejaa madukani. Boksi lina picha ya Zohali na pete zake zenye rangi zote, na maandishi makubwa: HUKUZA MARA 525! Mimi nikiona hivyo nakumbuka enzi tulipouziwa tarakilishi kwa megahezi na kamera kwa megapikseli. Namba moja kubwa mbele ya boksi, mnunuzi asiulize nyingine. Hiyo 525 hawakuitoa hewani, ni hesabu sahihi kabisa. Ukuzaji ni urefu wa fokasi wa darubini ugawanywe kwa urefu wa fokasi wa lenzi ya jicho. Bomba lina 700 mm, lenzi ndogo kabisa kwenye boksi ni ya 4 mm, unapata 175. Kisha wanakutilia lenzi ya Barlow ya mara 3, na 175 mara 3 ni 525. Umeona?

Lakini lenzi ya mbele ina kipenyo cha 60 mm tu, na kanuni inayofuatwa na wapenzi wa nyota ni kwamba ukuzaji wenye faida hauzidi mara mbili ya kipenyo kwa milimita. Kwa 60 mm basi mwisho ni mara 120, na hapo hewa iwe imetulia. Zaidi ya hapo ni kama kuchukua picha ya pikseli mia moja na kuivuta ijaze skrini nzima: imekuwa kubwa, lakini hakuna jipya ndani yake. Galileo aliiona miezi minne ya Mshtarii Januari 1610 kwa darubini iliyokuza mara 20 hivi. Pete za Zohali zinaanza kuonekana kwa mara 25 hadi 30. (Kama ulizitafuta mwaka 2025 ukaona kijistari chenye mstari mwembamba tu, si darubini yako iliyokuwa mbovu, mwezi Machi mwaka huo pete zilitugeuzia ubavu, na tangu hapo zinafunguka tena polepole.)

Na kuna jambo ambalo boksi halisemi kamwe: dunia inazunguka. Karibu na mstari wa katikati ya anga, nyota hupita digrii 15 kwa saa. Kwa lenzi ya kawaida yenye upana wa digrii 50, ukikuza mara 525 unaona kipande cha anga chini ya sehemu moja ya kumi ya digrii. Sayari itakivuka kwa sekunde kama 23. Sekunde 23! Umwite mwenzako kutoka kwenye moto, aje, ainame, afumbe jicho moja, na miguu mitatu ya bati inatetemeka kwa upepo wa Magadi, akishaweka jicho sawa sayari imeshaenda. Mwenzangu kazini ana moja ya hizi. Sasa inashikilia koti.

Sasa tufike kwenye ugomvi wangu wenyewe, yaani stendi ya ikweta. Jina linatuvutia sisi hasa, si ndiyo? Tunaishi kwenye ikweta, stendi ni ya ikweta, kwa hiyo ni yetu. La hasha. Stendi hii ina mhimili mmoja ambao unatakiwa uwe sambamba na mhimili wa dunia, ili ukizungusha kishikio kimoja tu uifuate nyota usiku kucha. Ili iwe sambamba, unauinamisha kwa digrii sawa na latitudo ya pale ulipo. London ni digrii 51 na nusu, mhimili unasimama vizuri kama mzinga. Nairobi ni digrii 1.3 kusini. Nanyuki ni sifuri kabisa, kuna bango pale watalii wanapiga picha. Maana yake mhimili unapaswa kulala chini, karibu bapa kama ubao wa kukatia mboga.

Stendi nyingi za bei nafuu haziwezi. Skrubu ya kurekebisha latitudo inafika mwisho kabla ya kufika kwetu, kwa sababu aliyeichora alifikiria Ulaya na Marekani. Hata ile inayoweza kulala, fimbo yenye uzani wa kusawazisha inagonga mguu wa tripodi unapoizungusha. Halafu kitabu cha maelekezo kinakwambia ulenge Nyota ya Kaskazini kwanza. Kwa mtu wa Nairobi nyota hiyo iko chini kidogo ya upeo wa macho, haionekani. Kwa hiyo umelipia chuma kizito, umekibeba mpaka kambini, na ile kazi moja kiliyoundwa kufanya haifanyiki. Karibu ushauri wote utakaosoma kuhusu darubini za wanaoanza umeandikwa na watu wa digrii 40 au 50 kaskazini, na wao hawana sababu ya kukuonya. Hawajui, na si kosa lao.

Basi tununue nini? Kwa mwenye uwezo kidogo nasema darubini ya kioo ya 100 mm, 114 mm au 130 mm, bomba fupi, juu ya kisanduku cha mbao kinachozunguka kama meza ya kuzungusha chakula. Mtindo huu unaitwa Dobson, kwa jina la John Dobson, aliyekuwa mtawa huko San Francisco, aliyefariki mwaka 2014. Alionyesha watu wa kawaida kwamba unaweza kutengeneza stendi imara kwa plaiwudi, ukaweka darubini kando ya barabara wapita njia wachungulie. Hakuna gia, hakuna injini, unasukuma kwa mkono. Mimi kama mtu wa programu napenda kitu chenye sehemu chache za kuharibika.

Angalia tofauti. Mwanga unaokusanywa hufuata mraba wa kipenyo, kwa hiyo kioo cha 114 mm kinakusanya mara 3.6 ya ile lenzi ya 60 mm, na cha 130 mm mara 4.7 hivi. Sky-Watcher wana Heritage 130P ambayo bomba lake linajikunja kama kikombe cha safari. Ikishajikunja inaingia kwenye buti ya gari dogo pamoja na hema. Ndogo yake ya 100 mm unaweza kuipakata kwenye matatu bila kugombana na makanga. Ukikuta ushauri wa zamani unaokutuma kwa kampuni ya Orion ya Marekani, jua kwamba ilifunga milango mwaka 2024. Meza huna kambini? Geuza kreti ya soda, weka juu yake, kaa kwenye mkeka. Ni imara kuliko tripodi yoyote ya bei hiyo.

Mtego mmoja: bomba la nusu mita linalodai urefu wa fokasi wa 1000 mm. Kwa darubini za bei ya chini za aina hii, ndani kuna lenzi ya ziada ya kurefusha fokasi, na mara nyingi ni ya hovyo, picha haikazi. Iache dukani.

Dobson nayo ina ubaya wake, na ubaya huo unatuhusu sisi kuliko wengine. Mshtarii na Zohali kwetu hupita karibu na utosi. Hilo ni neema, maana unaziona kupitia hewa kidogo kuliko Mzungu anayezitafuta juu ya paa la jirani. Lakini stendi ya Dobson ikielekezwa utosini kabisa inakuwa ngumu kusukuma, kila upande ni kama huna pa kushika. Dawa ni saa. Itazame sayari saa mbili kabla haijafika utosini, au saa mbili baadaye. Itakuwa imesogea digrii 30 na mkono utakutii. Na kwa nyota za mashariki na magharibi tumependelewa: hapa zinachomoza na kuzama wima, kwa hiyo unasukuma upande mmoja tu, juu au chini.

Kama pesa haifiki huko, usiteremke kwenye darubini mbaya. Chukua ile ya macho mawili, 10x50. Kumi ni ukuzaji, hamsini ni kipenyo. Pete za Zohali hutaziona, hilo nasema wazi. Lakini anga letu lina vitu vipana ambavyo ukuzaji mkubwa unaviharibu tu. Kilimia hujaa vizuri ndani yake. Msalaba wa Kusini na nebula ya Carina viko pale kusini, na Omega Centauri, kishada cha nyota ambacho hakichomozi kabisa London, kwetu kinapanda digrii zaidi ya 40. Wingu Kubwa la Magellan pia linapanda, kama digrii 22. Egemeza viwiko kwenye boneti ya gari na hata miezi ya Mshtarii utaiona. Asubuhi kitu hicho hicho unaangalia twiga nacho.

Barabara zetu zitatikisa vioo vya Dobson mpaka viache kulingana. Usiogope, ni bisibisi na dakika kumi ukishajifunza, na ujifunze nyumbani kabla ya safari. Ramani ya nyota ni Stellarium, programu huria, bure kwenye tarakilishi. Kwenye simu washa mwanga mwekundu usiharibu macho ya wenzako.

Wengine wataniambia kuhusu hizi darubini erevu, kama Seestar S50 ambayo ZWO waliitoa mwaka 2023: unaiweka chini, inatafuta nyota yenyewe, picha inakuja kwenye simu. Ni kazi nzuri ya programu, naivulia kofia. Lakini watu sita kambini wakiinamia simu, huko tulikotoka Nairobi si ndiko tulikokuwa tunafanya hivyo hivyo?

La mwisho, na hili ni la usalama. Ukifungua boksi la ile ya bei rahisi ukakuta kijilenzi cheusi cha kukaza kwenye lenzi ya jicho ili uangalie jua, kivunje ukitupe. Joto la jua linakusanyika pale pale na kinaweza kupasuka jicho lako likiwa nyuma yake. Kichujio cha jua cha kweli hukaa mbele ya bomba, kabla mwanga haujaingia.