Simama Kwanza Ukingoni mwa Lami



Katika gazeti hili umezoea kusoma habari za mbegu, za kupe na za bei ya mahindi. Mwezi huu nakuomba unitegee sikio kwa jambo jingine. Si la shambani hasa, bali ni la mahali pale ambapo njia yako ya shamba inakutana na barabara kuu. Tafadhali usiseme, "Mimi sina pikipiki, hayo yawahusu vijana." Maziwa yanayobebwa ni yako, na kijana anayeyabeba ni wewe uliyemtuma.

Mimi nakaa katika skimu moja upande wa Lugari, karibu na barabara itokayo Eldoret kupitia Turbo na Webuye mpaka Malaba. Kila mtu wa huku anaijua barabara hiyo. Hupita malori ya makontena yatokayo Mombasa kwenda Uganda na nchi za mbele, matenki ya petroli, matatu, na malori ya miwa. Mwaka jana, asubuhi moja, nilichelewa kukamua. Kijana wa jirani alifika na pikipiki yake kuchukua mikebe miwili, nami nikamwambia, "Kimbia, kijana wangu, lori la maziwa litaondoka." Akakimbia kama nilivyomwambia. Alipofika penye lami hakusimama. Tenki lilipiga honi na kumkwepa, naye akaangukia mtaroni, mikebe juu yake. Mguu ulivunjika mahali pawili. Baadaye watu walisema kwamba vijana wa bodaboda hawana akili. Mimi nilinyamaza, kwa maana nilijua haraka ile ilikuwa ya nani.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikisimama pale njia panda na kutazama jinsi pikipiki zinavyoingia barabarani, na nimeona ya kwamba makosa mengi si ya ujinga. Kwanza, tukumbuke tulivyofika huku. Katika mpango wa Ekari Milioni, ulioanza mwaka 1962, mashamba makubwa yaligawanywa na familia zaidi ya 30,000 zikapewa ardhi. Mahali palipotosha njia moja ya mwenye shamba na trekta lake, leo kila boma lina njia yake, na wajukuu nao wamegawanya tena. Kwa hiyo vijia vinatokea barabarani kila mahali, vingine penye kona, vingine chini ya mlima, wala hapana mtu aliyekaa akapima kama dereva wa lori ataweza kumwona anayetoka.

Tena kuna jambo la ukingo. Mvua imekula udongo wa kando, na lami imebaki juu kama kizingiti cha mlango. Mwenye pikipiki iliyobeba mzigo akisimama chini ya kizingiti hicho, hawezi kupanda tena bila taabu; gurudumu linateleza, injini inazimika, mikebe inayumba. Basi amejifunza kuja kwa kasi ili apande kwa mara moja. Anaingia barabarani bila kusimama kwa sababu ukingo wenyewe unamlazimisha. Mimi nasema kazi hii ni yetu. Skimu nzima inaweza kutoka siku moja na mikokoteni ya changarawe na mawe, tukajaza na kushindilia hatua kumi za mwisho ziwe sawa na lami. Lakini barabara kuu ni mali ya Serikali, nayo inasimamiwa na Mamlaka ya Barabara Kuu, KeNHA. Tupitie kwa chifu, tupate ruhusa kwanza, tusije tukaziba mtaro wa maji na kuharibu kabisa. Na matope tunayoyaleta na matrekta wakati wa mvua tuyakwangue. Tope jembamba juu ya lami huteleza kama sabuni, na pikipiki ina magurudumu mawili tu.

Sasa tuje kwenye hesabu, maana mkulima anayeweza kupima mbolea anaweza kupima na hili. Lori linaloenda kilometa 80 kwa saa hupita mita 22 katika kila sekunde moja. Dereva akishtuka, sekunde moja imekwisha kabla mguu wake haujafika kwenye breki, na lori lililojaa, hata lami ikiwa kavu na breki nzuri, halisimami chini ya mita 60. Upande wa pili, mikebe miwili ya lita 50 ikijaa ina uzito unaozidi kilo 100. Pikipiki yenye mzigo huo huondoka polepole sana. Mpime kijana wako kwenye njia ya shamba iliyo sawa: ijazeni mikebe maji, aanze akiwa amesimama, nawe uhesabu sekunde mpaka afikie mwendo wa kilometa 50. Ukihesabu sekunde 10, ujue kwamba katika muda huo lori limepita zaidi ya mita 220. Ni kama hatua 300 za mtu mzima.

Basi nendeni wote wawili njia panda, mkahesabu hatua 300 kila upande, na kwa kuwa wengi hupita mwendo huo wa 80, mwongeze hatua 100. Hapo tafuteni mti au nguzo iwe alama yenu. Gari likiwa limekwisha kupita alama hiyo likija kwenu, pikipiki haiingii, hata kama lori la maziwa linapiga honi ng'ambo. Na kama huwezi kuiona alama kwa sababu ya kona au mlima, njia hiyo haifai kutumiwa na mwenye mzigo. Apitie kwa jirani, hata kama ni mbali.

Jambo ambalo wengi hawalifikiri ni hili. Mtu anayegeuka kwenda kushoto hutazama kulia tu, kwa sababu magari ya upande wake hutoka huko. Lakini matatu inayolipita lori jingine, ikitoka kushoto, inakuja moja kwa moja katika upande wake yeye. Hasa penye mlima, lori linapanda polepole, nawe unaona lori tu. Nyuma yake kuna mtu aliyechoka kungoja. Kwa hiyo atazame kulia, atazame kushoto, atazame kulia tena, ndipo aachie klachi. Anayevuka kwenda upande wa kulia ana shida mara mbili, na asivuke nusu akangoje katikati ya barabara. Alfajiri ni mbaya zaidi. Taa moja inayokuja kwa mbali hudhaniwa ni pikipiki, kumbe ni lori ambalo balbu yake moja imekufa. (Wenye malori hayo nao wanastahili makala yao, lakini hao hawasomi gazeti hili.)

Na anapongoja, angoje nyuma, mita tano au zaidi kutoka penye lami, wala gurudumu la mbele lisiguse barabara. Tarehe 30 Juni 2023, pale njia panda ya Londiani, lori lililobeba kontena lilitoka barabarani na kuwagonga watu, matatu na pikipiki zilizokuwa kando. Waliokufa walizidi 50. Kungoja nyuma hakuondoi hatari kama ile, lakini anayengoja karibu sana na magari hupatikana hata na ajali ndogo.

Habari za helmeti, koti lenye kung'aa, na abiria mmoja tu, hizo ni sheria na kila mtu amezisikia. Nitaongeza tu kwamba koti lililofunikwa na gunia haling'ai, na mikebe iliyofungwa chini sana huficha taa ya nyuma. Taa ya mbele na iwake hata mchana, kwa sababu pikipiki ni nyembamba, na dereva wa lori akiiona huifikiri iko mbali kuliko ilivyo.

Lakini nirudi kwetu wenye ng'ombe, maana huko ndiko jambo hili linakoanzia. Lori la chama chetu cha ushirika husimama ng'ambo ya barabara, na lilikuwa likifika wakati ule ule ambao malori yaliyolala Eldoret yanapita. Kwa nini maziwa ya skimu nzima yavuke barabara kuu kila asubuhi, wakati lori moja, ambalo lina breki na dereva mzima, lingeweza kuingia upande wetu? Nililiuliza swali hili katika mkutano mkuu. Mwenyekiti alijibu kwamba njia yetu ni mbaya wakati wa mvua. Nikamjibu kwamba njia inatengenezwa na watu, na watu wako hapa. Tulikubaliana kujaribu kwa miezi mitatu, nasi tukatoa siku nne za kazi. Wewe nawe liulize katika chama chako, na ukikataliwa uombe walau lori lingoje nusu saa zaidi, ili aliyechelewa kukamua asiwe na sababu ya kumwambia mtoto wa mwenzake akimbie.

Na ukirudi nyumbani, itazame pembe ya shamba lako inayopakana na barabara. Mimi nilikuwa na nepia ndefu mpaka ukingoni, nzuri sana kwa ng'ombe, nayo ilimficha kila aliyetoka njiani. Nimeikata hatua ishirini kila upande na nimepanda viazi vitamu mahali pake. Jirani yangu bado ana mahindi mpaka penye lami. Ameniambia atakata akivuna, nami nitakuwa pale siku hiyo na panga langu.