Kimunya, Grand Regency na Bunge Linalosahau

Wengi wenu mnaosoma hapa mwaka 2008 mlikuwa chekechea, na wengine hamjazaliwa. Mnachosimuliwa kuhusu mwaka ule ni machafuko ya baada ya uchaguzi. Lakini mwaka huohuo, tarehe 2 Julai, Bunge la Kenya lilifanya jambo ambalo halifanyiki kila siku: lilimwambia waziri wa fedha, kweupe na taifa likisikia, kwamba halina imani naye. Waziri mwenyewe alikuwa Amos Kimunya, mbunge wa Kipipiri.

Siandiki haya kwa kuwa nina kisa na mzee huyu. Naandika kwa sababu rekodi yake Bungeni inagusa mambo mawili yanayotuuma kila siku sisi watu wa mijini: ardhi na pesa za umma. Ukiifuata rekodi hiyo toka mwanzo hadi mwisho, utauona ugonjwa wa Bunge letu ambao mpaka leo haujapata dawa.

Tuanze na ardhi.

Kimunya aliingia Bungeni kwa wimbi la NARC mwaka 2002, na mwaka uliofuata Rais Kibaki akamkabidhi wizara ya ardhi. Mwaka huo wa 2003 Rais pia aliunda tume ya wakili Paul Ndung'u kuchunguza ardhi ya umma iliyogawanywa kinyume cha sheria. Ripoti ikakabidhiwa 2004. Ilikuwa mzigo! Tume ilikadiria hati kama 200,000 zilitolewa kinyume cha sheria kati ya 1962 na 2002. Ndani mlikuwa na misitu, njia za barabara, viwanja vya shule, viwanja vya watoto kucheza mpira. Tume ikapendekeza hati hizo zifutwe na kiundwe chombo maalumu cha kisheria cha kuzisikiliza kesi moja baada ya nyingine.

Chombo hicho hakikuundwa. Maneno makali dhidi ya wanyakuzi yalisemwa, vitisho vya kufuta hati vikatolewa, magazeti yakauza. Lakini Kimunya alipotoka wizara ile Februari 2006, sehemu kubwa ya mapendekezo ilikuwa bado karatasini. Tuwe waadilifu: si yeye peke yake. Mawaziri waliokuja baada yake waliikuta ripoti ileile kabatini na wengi wao wakaiacha palepale. Ila yeye ndiye aliyeipokea ikiwa bado moto, wakati wananchi wana hamu na serikali ina nguvu. Chuma hufuliwa kingali moto, na chuma kile kiliachwa kikapoa.

Akahamishiwa wizara ya fedha, kwenye kiti kilichoachwa na David Mwiraria aliyejiuzulu kwa sababu ya sakata la Anglo Leasing. Sasa hapa ndipo ardhi ya mjini na hazina ya taifa zilipokutana katika jengo moja.

Jengo hilo ni hoteli ya Grand Regency, katikati ya Nairobi. Historia yake inaanzia Goldenberg, ile kashfa ya miaka ya 1990 ambapo serikali ililipa mabilioni kwa dhahabu na almasi zilizodaiwa kuuzwa nje. Almasi, katika nchi isiyochimba almasi! Hoteli ilikuwa mali ya Kamlesh Pattni, mtu aliyekuwa kitovu cha kashfa ile, na Benki Kuu ilikuwa imeishikilia kama dhamana ya deni. Kwa lugha nyepesi, hoteli ile ilikuwa sehemu ya jasho lako na la mama yako lililoibwa, na ilipaswa kurudi kwa umma.

Aprili 2008 Pattni akaiachia Benki Kuu hoteli hiyo. Kabla mwananchi hajashukuru, ikawa imeshauzwa. Hapakuwa na tangazo gazetini wala zabuni ya wazi ya kushindanisha wanunuzi. Mwisho wa Juni, James Orengo, aliyekuwa sasa waziri wa ardhi, akatoboa hadharani kwamba hoteli ilishahamishiwa kwa wawekezaji wa Libya. Tazama basi: habari ilitoka katika wizara ileile aliyoiongoza Kimunya miaka miwili nyuma. Kimunya akayatetea mauzo, akasema ni halali na bei ilikuwa shilingi bilioni 2.9. Waliompinga wakasema hoteli ina thamani kubwa kuliko hiyo. Na wakauliza swali moja ambalo ndilo roho ya jambo hili: kama bei ni ya haki, kwa nini tuliuziwa gizani?

Dkt. Bonny Khalwale, mbunge wa Ikolomani, akaleta hoja ya kutokuwa na imani. Haikutaja hoteli peke yake. Uuzaji wa hisa za Safaricom na mkataba wa kuchapisha noti nao uliletwa mezani. Wabunge wakaipitisha kwa wingi mkubwa. Kimunya alikuwa amesema afadhali afe kuliko kujiuzulu. Tarehe 8 Julai akakaa kando ili uchunguzi ufanyike.

Hapo mtu angepiga makofi na kusema Bunge limefanya kazi. Ngoja kwanza.

Wiki chache kabla ya hoja ile, katika hotuba ya bajeti ya Juni 2008, Kimunya huyuhuyu alipendekeza marupurupu ya wabunge yakatwe kodi. Wakati ule mbunge alikatwa kodi kwenye mshahara wa msingi tu, shilingi 200,000, na marupurupu, ambayo ndiyo mlima wenyewe, yakapita bila kuguswa. Mwalimu akatwa, askari akatwa, mheshimiwa hakatwi. Baadaye mwaka huohuo, mswada wa fedha ulipofika, wabunge wakakifyeka kipengele hicho. Watu walewale waliosimama Julai wakilia kwa uchungu wa pesa za umma, walipofikiwa na pesa zao wenyewe wakageuka.

Je, hilo linamsafisha waziri? Hapana. Swali la hoteli lilikuwa swali halali hata kama aliyeuliza ana mikono michafu. Lakini linatufundisha kwamba rekodi ya waziri haiwezi kusomwa bila rekodi ya wanaomhukumu. Ilibidi tungoje Katiba ya 2010, kifungu cha 210, kuandika kwamba hakuna sheria itakayomwepusha afisa wa serikali na kodi kwa sababu ya cheo chake. Wabunge wenyewe wasingejifunga kamba hiyo.

Sasa fuata kilichotokea. Tume ya Jaji Mkuu mstaafu Majid Cockar ikachunguza mauzo yale na kumkabidhi Rais ripoti. Januari 2009, miezi kama sita tu baada ya kura ile, Kimunya akarudi barazani kama waziri wa biashara. Bunge lililomwambia halina imani naye halikuulizwa chochote, kwa sababu chini ya katiba ya zamani Rais aliteua mawaziri bila kupitia kwa wabunge, na hoja yao dhidi ya waziri mmoja haikuwa na nguvu ya kisheria ya kumwondoa. Baadaye akawa waziri wa uchukuzi. 2013 akapoteza kiti cha Kipipiri, 2017 akakirudisha. Na Juni 2020, Aden Duale alipoondolewa uongozi wa wengi katika Bunge la Kitaifa, aliyekalia kiti kile ni Amos Kimunya. Ndiyo, mtu ambaye Bunge lilisema halina imani naye ndiye aliyekuja kuwa kinara wa shughuli za serikali katika Bunge hilohilo. Na ni Bunge hilo ambalo Juni 2022 lilipandisha kiwango cha juu cha deni la taifa kutoka trilioni 9 hadi trilioni 10.

Simwiti mwizi. Kurudi kwake si dhambi. Mtu aliyeshutumiwa ana haki ya kusafishwa ikiwa hana kosa. Lakini kusafishwa kunataka mlango wazi. Kama alionewa, Bunge lilipaswa kusema hivyo, limtake radhi, liandikwe. Kama alikosa, lilipaswa kusema hivyo pia. Halikufanya hili wala lile. Likasahau tu. Na kusahau kunawadhulumu wawili: mtuhumiwa anayebaki na doa, na mwananchi anayebaki bila jibu.

Utasema hayo ni ya kale, sasa tuna katiba mpya. Kweli, meno yameongezwa. Siku hizi waziri hupigwa msasa na Bunge kabla ya kuapishwa. Kifungu cha 152 chasema robo ya wabunge wanaweza kuunga mkono hoja ya kumwondoa. Theluthi moja wakiipitisha, kamati ya watu 11 inachunguza kwa siku 10. Ikiona madai yana msingi na wabunge wengi wakapiga kura ya ndiyo, Rais lazima amfute. Lazima, si hiari.

Tumeyaona meno hayo yakiuma? Mei 2024, wabunge 149 walipiga kura kuendelea na hoja dhidi ya waziri wa kilimo Mithika Linturi kuhusu mbolea ghushi. Ikaenda kwa kamati ya 11. Saba kwa wanne wakasema madai hayana msingi, kesi ikafungwa. Miezi miwili baadaye Linturi akaondoka pamoja na takriban baraza zima, na hapo kilichomwondoa ni vijana waliokuwa barabarani kuhusu Mswada wa Fedha, si kura ya Bunge. Halafu baadhi ya waliofutwa Julai wakateuliwa tena kabla hata wiki mbili hazijaisha, wengine viti vilevile. Bunge likawapokea, likawapitisha. 2009 imejirudia, tofauti ni kwamba safari hii kulikuwa na mahojiano kwenye runinga.

Na kama bado unajiuliza haya yanamhusu vipi kijana wa Likoni, Kisauni au Majengo, kumbuka shamba la Waitiki. Ekari 930 pale Likoni, watu wamekaa miaka na miaka bila hati. Serikali ikalinunua kutoka kwa mwenye hati kwa pesa za umma, Januari 2016 Rais akaja kugawa hati, na wakazi wakaambiwa kila mmoja alipe shilingi 182,000 kidogokidogo. Mambo mawili yaliamua maisha ya familia zile: nani amesajiliwa kama mwenye ardhi, na hazina imelipa bei gani kwa nani. Wizara mbili zilezile. Walioketi ofisini Nairobi ndio walioamua kama mama wa Likoni atakuwa na nyumba au atakuwa na deni. Kwa hiyo ukisikia jina la waziri wa ardhi au wa fedha limesomwa, usiseme "hao ni wale wale" ukaendelea na kupitisha video. Hapo ndipo pa kusimama.

Tufanye nini? Mambo matatu, na hayahitaji pesa.

La kwanza, soma Hansadi. Ni kumbukumbu rasmi ya maneno yanayosemwa Bungeni, na ipo kwenye tovuti ya Bunge, bure. Mwanasiasa jukwaani atakuambia alipigania ardhi yako. Hansadi itakuambia kama alifungua mdomo. Ikipigwa kura ya majina, majina yanaandikwa. Chukua jina la mbunge wako, tafuta alivyopiga, piga picha, weka kwenye kikundi cha mtaa. Bila matusi. Rekodi yatosha.

La pili, uliza kwa maandishi. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inampa kila raia haki ya kuomba taarifa kutoka ofisi ya umma, na ofisi inatakiwa kujibu ndani ya siku 21. Kiwanja cha shule ya mtaani kimezungushiwa mabati usiku? Usianze na kupiga kelele. Anza na barua: nani amepewa, lini, kwa bei gani, pesa zimeingia akaunti gani. Weka nakala. Wakikaa kimya, kimya hicho nacho ni rekodi. Na kifungu cha 119 kinakuruhusu kupeleka ombi Bungeni wewe mwenyewe, bila kumsubiri mheshimiwa.

La tatu, na ndilo gumu, tuache kupima waziri kwa ukabila, kwa dini wala kwa ukarimu wake. Akitoka kwetu tunamtetea, akitoka kwao tunamlaani, akichanga kwenye harambee yetu tunanyamaza. Waislamu tunalijua neno amana, na amana haiulizi jina la aliyepewa. Inauliza kama imerudishwa kamili. Kipimo tulichomwekea mbunge wa Kipipiri ndicho hichohicho tumwekee mbunge wa Nyali, wa Kamukunji na wa Garissa Mjini.

Grand Regency ikabadilishwa jina, ikaitwa Laico Regency. Jengo liko palepale, magari yanapita mbele yake kila asubuhi, na wengi wanaopita hawajui kwamba liliwahi kumtikisa waziri. Wenye kuuza mali ya umma gizani wanategemea hilo hasa, kwamba muda utapita nasi tutasahau. Leo jioni fungua Hansadi ya wiki hii, tafuta jina la mbunge wako, uone alisema nini. Ukikuta hakusema chochote, mwandikie.