Kubadilisha Fonti Si Kuhariri

Wasee, leo nitakosana na watu, lakini lazima niseme.

Kuna uongo unazunguka kwetu vijana. Ati ukitaka CV kali, unaipeleka saiba, jamaa anaiwekea rangi ya bluu kando, picha ya pasipoti juu, halafu nyota tano kwa "uongozi". Unalipa, unaambiwa imehaririwa. Hapana. Hiyo imepakwa rangi tu, na ukuta wenye ufa ukiupaka rangi bado una ufa.

Marafiki hunitumia barua zao za kuomba kazi niwaangalilie. Karibu zote zinaanza hivi: mimi ni mtu mwenye bidii, mbunifu, naweza kufanya kazi chini ya presha. Sawa, lakini nani huandika kwamba yeye ni mvivu? Sentensi ambayo kila mtu anaweza kuiandika si yako. Itoe! Kisha unashuka hadi mstari wa mwisho, unapata kitu kimefichwa huko: miaka miwili akiuza viatu vya mtumba Gikomba, akihesabu stoku kila jioni, akishika pesa za mwenye biashara. Manze, hiyo ndiyo CV yenyewe. Ipandishe juu.

Kuhariri ni hiyo kazi: kutoa, kuhamisha, kuthibitisha. Tahajia huja mwisho. Mbona upoteze saa ukirembesha aya ambayo utaitupa?

Mtu ataniambia, "Buda, AI inanifanyia kwa sekunde tano." Itarekebisha tahajia, sikatai. Lakini haijui ulifanya nini Gikomba. Usipoiambia, itajaza pengo kwa maneno matamu, na siku ya intavyuu utaulizwa kuhusu maneno ambayo hata hukuyasoma. Hapo utajitetea na nani?

Na tusidanganyane kwamba kuandika upya ni ya watu wasiojua kuandika. Angalieni Katiba yetu. Rasimu ya 2005 ilikataliwa kwenye kura ya maoni Novemba mwaka huo. Rasimu ya Kamati ya Wataalamu ikatoka Novemba 2009, wananchi wakapewa siku 30 kutoa maoni. Januari 2010 wabunge wakakaa nayo Naivasha, wakaondoa mpango wa rais na waziri mkuu kugawana mamlaka. Ndipo tarehe 4 Agosti 2010 Wakenya wakaipitisha. Wanasheria wazima, miaka mingi, rasimu juu ya rasimu. Hawakubadilisha fonti, walibadilisha muundo wa serikali. Wewe na ukurasa wako mmoja unaona rasimu ya kwanza inatosha?

Kazi ni chache, na anayesoma ana rundo mezani. Barua yako inafanana na zingine zote, kwa nini asiiruke? Wengi wetu tunalaumu koneksheni, na ni kweli koneksheni ziko. Lakini barua ambayo haikusema chochote haikuhitaji mtoto wa mkubwa ndiyo ishindwe.

Kwa hivyo kabla utume, iache ilale usiku mmoja. Asubuhi isome kwa sauti. Ukikwama kupumua, sentensi ni ndefu, ikate. Mpe mtu asiyekuogopa aisome, halafu umuulize amekumbuka nini. Akikosa jibu, usibishane naye. Rudi uandike.