Bekapu Sio Kubeba Kila Kitu

Wasee, wiki iliyopita nilikesha hadi saa nane usiku nikibishana na kisanduku kimoja kwa kompyuta. Nilitaka kupiga picha ya mfumo, yaani ile bekapu inayonakili Windows, programu na mipangilio yote, ndio mashine ikizima siku moja nisianze sufuri. Nilitaka diski C pekee. Lakini D, yenye video zangu za gigabaiti 700, ilikuwa imeshawekwa alama, na alama yenyewe haitoki. Diski yangu ya nje ni ya gigabaiti 500. Hesabu ikakataa.

Beshte yangu akasema, "Si ununue tu kubwa, bro." Wengi wenu mngeniambia hivyo hivyo. Mimi nasema zii, na sio kwa sababu sina doo. Ingawa pia sina.

Shida kubwa sio nafasi. Shida ni siku ya kurudisha. Picha ya mfumo hairudishi faili moja moja. Inarudisha diski nzima vile ilivyokuwa siku uliyoipiga, na chochote kilichoingia baadaye kinafutwa. Tuseme nimepiga Januari, halafu Windows ikaharibika Aprili. C inarudi Januari, na D nayo inafuata. Video za harusi nilizorekodi Februari na Machi, ambazo hazikuwa na makosa yoyote, zimeenda. Bibi harusi utamwambia nini? Kwamba ulikuwa makini sana hadi ukazifuta?

Sasa, mbona D iling'ang'ania? Windows hujumuisha yenyewe kila diski inayoona inahitaji ili iwake. Kuna sababu mbili za kawaida.

Ya kwanza, faili za kuwashia zinaweza kuwa zilibaki D, hasa kama uliweka Windows mpya huku diski ya zamani ikiwa bado imechomekwa. Fungua diskmgmt.msc uangalie. Ukiona neno System kwa D, ndiyo hiyo. Usiifomati wala kuichomoa kabla faili hizo hazijahamishwa, kwa sababu mashine haitawaka. Kama hujui kuzihamisha, mpe fundi unayemwamini.

Ya pili, huenda kuna programu uliyoiweka D ambayo ina huduma inayojiendesha chinichini. Fungua services.msc, angalia zile usizozitambua, na usome njia ya faili ya kila moja. Ikianza na D, umempata mshukiwa.

Kwangu ilikuwa ya pili. Programu ya kurekodi sauti niliiweka D mwenyewe nikijidai naokoa nafasi. Nikaiondoa, nikaiweka upya C, na kisanduku cha D kikakubali kuachiliwa. Dakika 20 tu, baada ya usiku mzima wa kulaumu kompyuta.

Kitu kinaniuma ni hii tabia yetu ya kusema "piga bekapu ya kila kitu" kama dua. Hatuulizi ndani kuna nini, wala itarudije. Mfumo na kazi ni vitu viwili. Mfumo unaweza kuwekwa upya hata bila picha, utapoteza siku moja tu. Harusi ya mtu hairekodiwi mara ya pili.

Kwa hivyo sasa picha yangu ni ya C peke yake. Video za wateja nanakili kama faili za kawaida kwa diski ya nje, siku ile ile nimezirekodi. Zile za zamani zilizokwisha kulipwa na kukabidhiwa zitangoja foleni.

Na hiyo zana ya picha, Microsoft walitangaza tangu 2017 kwamba hawaiendelezi tena. Bado iko, inafanya kazi, lakini usiifanye tegemeo lako la pekee.

Kabla hujabonyeza kitufe cha kuanza, soma ile orodha ya diski. Yote. Mimi niliisoma kwa sababu tu diski yangu ilikuwa ndogo.