Lipu Haifichi Dhulma

Kila zinapopita mvua kubwa katika pwani yetu, kama zile za El Niño za 1997 na zile za mwisho wa 2023, watu hupatwa na misiba miwili. Msiba wa kwanza ni wa mvua yenyewe: dari huvuja, kuta hunywa maji, mabati huezuka. Huu Muislamu huupokea kwa subira. Msiba wa pili huingia mlangoni kwa miguu yake, umeshika timazi na pimamaji, ukatoa salamu nzuri na kusema: "Mama, usiwe na wasiwasi, hii ni kazi ya siku tatu." Huu si wa kusubiriwa. Huu ni wizi, na wizi hukatazwa.

Twasema juu ya mafundi na makontrakta wasio na amana. Hatusemi juu ya mafundi wote. Wako waashi na maseremala katika miji yetu ambao kazi zao zimesimama miaka arubaini na majina yao hutajwa kwa kheri. Hao ndio wa kwanza kudhurika, kwa kuwa mwongo hutaja bei ya chini, akachukua kazi, na mkweli akabaki barazani hana riziki.

Imepokewa katika Sahihi ya Muslim kwamba Mtume (S.A.W.) alipita penye fungu la chakula sokoni, akatia mkono ndani, vidole vyake vikakuta maji. Mwenye mali alipoulizwa, alitoa udhuru kuwa ni mvua. Tazama basi, ndugu msomaji: hakulaumiwa kwa mvua. Alilaumiwa kwa kuwa kilichololoa alikiweka chini na kikavu akakiweka juu, watu wasione. Na hapo ndipo Mtume alipojitenga na kila mwenye kughushi.

Sasa fundi anayepiga lipu na kupaka rangi juu ya ukuta unaovuja, yeye amefanya nini? Amefanya lile lile la sokoni. Kikavu juu, kilichololoa chini.

Nyumba za kale za Lamu, Mombasa na Unguja zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Ukuta wa namna hii hunywa maji na tena huyatoa, kwa kuwa chokaa huacha unyevu upite. Fundi mkweli huanza juu: hutazama dari, mifereji na nyufa, akaziba maji yanakoingilia. Kisha huibandua lipu iliyooza, huuacha ukuta ukauke, na mwisho huurudishia chokaa. Kazi hii yataka siku, na huyo mwenye haraka hana siku. Yeye huleta saruji akasiliba, akapaka rangi, akapokea fedha, akaenda zake. Saruji ngumu huuzuia unyevu kutoka. Maji hubaki ndani, chumvi husukuma lipu, na ncha za boriti zilizoingia ukutani huoza. Baada ya masika mawili lipu yaanguka kwa mapande. Akiitwa, husema nini? "Ni mvua, mama!" Udhuru ule ule wa sokoni.

Na nyumba mpya nazo zina ghushi zake. Mwapatana nondo za milimita 12, yeye huleta za 10. Tofauti hiyo jicho halikamati upesi, lakini nondo ya 10 imepungukiwa na karibu thuluthi ya chuma. Mwapatana mchanga wa machimbo, naye huzoa wa ufuoni usiku. Chumvi ya mchanga ule hula chuma, kutu hufura, na zege likapasuka. Mwapatana bati la geji 28, naye huezeka la geji 32, akakuambia 32 ni zaidi ya 28. Kweli nambari imezidi, lakini katika geji nambari ikizidi bati huwa jembamba!

Watu wakisoma Suratul Mutaffifin hudhani maonyo yale ni ya muuza mchele mwenye pishi pungufu peke yake. Je, nondo haina kipimo? Bati halina kipimo? Mfuko wa saruji haukuandikwa kilo 50? Kila mwenye kupokea bei kamili akatoa kitu pungufu, sura ile yamsema yeye, hata kama mkononi hana mizani bali ana mwiko.

Lakini tusimlaumu fundi peke yake. Mwizi huyu twamfungulia mlango sisi wenyewe, kwa neno moja tulilolifanya kama ni dini: "Sisi ni Waislamu, hatuandikiani. Neno latosha." Ukimwambia mtu, "Andikianeni," hukunja uso: "Nitamwandikishaje? Ni mtoto wa fulani, twasali naye safu moja. Nitamvunjia heshima!"

Neno hili laonekana tamu, na dini hailijui. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani ni ya 282 katika Suratul Baqara, nayo ni juu ya kuandika deni la muda na kuweka mashahidi. Na inawasemesha waumini, si makafiri. Masahaba waliosali nyuma ya Mtume ndio wa kwanza kuambiwa waandikiane. Je, walidhaniana ubaya? Ni kweli kwamba maulamaa wengi wamesema kuandika huko ni jambo la kupendekezwa, si la kulazimishwa. Lakini aliyependekeza ni nani? Na sisi ni nani hata tuliite pendekezo lake kuwa ni kuvunjiana heshima?

Arubuni uliyompa fundi ni deni lililo shingoni mwake. Fedha yako ameshaishika, na kazi yake bado iko mbele. Tena katika fiqhi yetu ya Kishafi, mtu akiajiriwa ni sharti kazi ijulikane na ujira ujulikane. Ule mtindo wetu wa "wewe tengeneza tu, tutaelewana" ndio mama wa magomvi yote.

Basi kabla hajashika mwiko, na yaandikwe haya. Kwanza, uharibifu umetokana na nini, na kazi ya kuutoa ni ipi. Pili, vifaa kwa aina, kwa kipimo na kwa idadi, na nani atakayevinunua. Tatu, ujira wote ni kiasi gani, ulipwe kwa mafungu kadiri kazi inavyokwisha, na fungu la mwisho lilipwe kwa muda mliopatana, baada ya dari na ukuta kuonekana haviingizi maji. Nne, siku ya kuanza na ya kumaliza. Kisha watie sahihi wote wawili pamoja na mashahidi. Anayekasirika kwa karatasi hii amekwisha kujieleza, mshukuru na umwage.

Tena usiridhike kuonyeshwa kazi yake ya mwezi jana, kwa kuwa kila lipu ni nzuri mwezi wa kwanza. Uliza aliyoifanya masika mawili nyuma, ukaione mwenyewe. Na kazi ikiwa kubwa, muulize kontrakta kama ameandikishwa. Kenya iko Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi iliyowekwa kwa sheria ya 2011, na Tanzania Bara iko Bodi ya Usajili wa Makandarasi ya sheria ya 1997. Uandikishaji haumpi mtu amana asiyokuwa nayo, lakini wewe wakupa mahali pa kushtaki.

Ndugu zetu walioko Maskati, Dubai na Uingereza, mnaotuma fedha nyumba ya mama itengenezwe, msikubali picha ya ukuta uliokwisha kupakwa rangi. Picha hiyo haionyeshi ila rangi. Takeni picha ya ukuta ulipobanduliwa, na ya nondo kabla ya zege kumwagwa, na awepo ami au mjomba wa kusimama pale akihesabu mifuko. Mjane asiachwe peke yake na kontrakta. Wanaume wa mtaa wanaojua kukaa barazani tangu alasiri hata magharibi hawakosi saa moja ya kwenda kumsimamia.

Wako watakaosema: "Msimtaje, kumtaja ni kusengenya." Imam Nawawi katika Riyadhus Salihin ametaja mahali sita panaporuhusiwa kumsema mtu asipokuwepo, na miongoni mwao ni aliyedhulumiwa kwenda kushtaki, na kuwahadharisha Waislamu na shari. Jirani akikuuliza, "Fundi yule vipi?" nawe uliibiwa ukanyamaza, umemsitiri nani? Umemwongoza mwizi nyumba ya pili. Sema yaliyotokea, usizidishe.

Nasi wenye nyumba tujihesabu pia. Anayemkandamiza fundi mpaka nusu ya bei ijulikanayo anamfundisha kuiba. Na anayemaliziwa kazi kisha akamzungusha fundi juu ya ujira wake, ajue kwamba katika Sahihi ya Bukhari Mwenyezi Mungu amejitaja kuwa ni hasimu wa mtu huyo Siku ya Kiyama.

Ama wewe fundi unayeziba bila kutibu, fedha ile umeilisha watoto wako. Mama uliyemwibia analala chini ya dari uliyoiacha imeoza. Rudi ukaitengeneze kabla haijamwangukia, au umrudishie fedha yake. Hiyo ndiyo toba ya haki ya mja, nayo haitimii kwa istighfari ya ulimi.

Mwenyezi Mungu atupe sote amana katika kazi na ujira. Amin.